Chokaa Juu ya Nyuso

Chokaa ilikataa kukauka. Ulikuwa mwezi wa saba, kiangazi kimeishika Bujumbura mpaka vumbi linaingia ndani ya sufuria zilizofunikwa, na chokaa iliyopakwa asubuhi ilipaswa kuwa imekauka kabla ya chakula cha mchana. Lakini ukuta wa ukumbi mkubwa wa Rezidansi, uliopakwa tangu wiki iliyotangulia, ulikuwa bado na mabaka ya maji. Yalikuwa mabaka ya duara, kila moja kama ukubwa wa kichwa cha mtu, yamepangana kwenye kimo cha watu waliosimama.

Daphrose aliyaona alipofungua mlango, siku aliyorudi kazini kutoka msibani. Kwanza hakuyajali. Kilichomsimamisha ni weupe wenyewe. Picha haikuwepo.

Rezidansi ni jina ambalo watu wa mjini walilipa lile jumba la zamani la serikali, lililojengwa na Wajerumani, likaongezwa na Wabelgiji, kisha likajazwa meza na mihuri. Daphrose alikuwa mkuu wa utunzaji wake: mapaa, milango, bustani, na hasa ile picha iliyochorwa moja kwa moja ukutani na fundi ambaye hakuna aliyekumbuka jina lake. Palikuwa na wavuvi wa mukeke, samaki wa ziwani, mwanamke na kikapu cha mtama, mpiga ngoma, mchungaji na ng'ombe wa pembe ndefu. Daphrose aliipangusa vumbi kwa manyoya ya kuku na hakumruhusu mtu yeyote kuigusa.

Halafu vita vikaingia mjini, na watu wakawa wajinga kwa namna ya kutisha. Waliokuja kungoja mihuri yao walikaa mbele ya picha wakaanza kupima pua za waliochorwa, nani ni wa kabila gani. Mpiga ngoma ni wa kwetu. Yule mchungaji ni wa kwao. Kwa nini wao ndio wamewekwa mbele? Watu waliochorwa tu kwa rangi, wasiomdai mtu kitu, waligombaniwa hadi watu wazima wakashikana mashati. Mkurugenzi mpya, Bwana Darius, badala ya kuwafukuza wapima pua, akaifukuza picha. Ujumbe wa wageni ulikuwa unakuja kuzungumzia amani, naye alitaka wakute ukuta safi. Huo ndio ulikuwa ukubwa wa akili yake.

"Nani alifanya hii?" Daphrose alimuuliza Gélase, mlinzi wa lango.

"Mama, miye nalinda mulango tu. Direkteri alisema ifanyike wakati we uko kwa kilio. Akamuita fundi Rachidi."

"Na Rachidi akakubali?"

"Aliomba afukize ubani kwanza, aombe ruhusa ya nyumba, vile wanafanyaka siku zote. Direkteri akacheka. Akasema wageni hawatasikia harufu ya uchawi humu. Akamusimamia mpaka akamaliza."

Mafundi wa mtaa wa Buyenzi ndio walioishika nyumba ile tangu enzi za babu zao, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kugusa ukuta wake bila kuweka ubani kidogo kwenye kaa la moto na kupiga hodi kwa wenyewe. Daphrose alikuwa Mkatoliki, hakuyaamini mambo hayo, lakini hakuwahi kuyazuia pia. Aliyaona kama adabu ya kazi.

Mchana ule ofisi zilipofungwa na watu wakaenda kula na kulala, yeye alibaki. Chakula kingepita wapi? Hasira zilikuwa zimemjaa. Wiki moja nyuma alikuwa amemzika mdogo wake, Bonfils, aliyeuawa njiani na watu ambao hakuna aliyewaona, na sasa wamemuulia na hawa wa ukutani. Alikaa kwenye benchi la ukumbini akiutazama ukuta.

Kwanza ilikuja harufu. Haikuwa ya chokaa. Ilikuwa ya jasho la watu wengi waliosimama wakibanana, jasho na samaki na maziwa yaliyoganda, ikazidi mpaka akaziba pua kwa leso yake ya msiba. Kisha akasikia pumzi, si upepo, maana madirisha yalikuwa yamefungwa na pazia halikutikisika, bali pumzi za watu wanaopumua chini ya kitambaa, wakivuta kwa shida, wakitoa kwa shida, na kila walipovuta yale mabaka ya maji yaliingia ndani kidogo, na kila walipotoa yalitokeza nje, pua, paji, kidevu, na Daphrose akataka kuita Bikira Maria, na hapo ndipo alipoona kwamba kando ya ukuta amesimama Rachidi.

"Rachidi?" alinong'ona.

Yule aligeuka. Uso ulikuwa wa Rachidi kabisa, ule ule wenye kovu la nyusi, lakini aliubeba kama mtu anayejaribu shati dukani, akiunyoosha huku, akiulegeza kule, akiangalia kama unamkaa. Alimtazama Daphrose kwa muda. Kisha akaingia ukutani kama mtu anayepita mlango, na chokaa haikuchafuka.

Kelele za langoni ndizo zilizomwinua Daphrose. Gélase alikuwa ameinua rungu, akipiga ukelele usio na maneno, na mbele yake alisimama mwanamume mmoja mikono juu, shati limechanika, damu sikioni.

Daphrose alimtazama yule mtu usoni. Alikuwa ndiye aliyemuua Bonfils. Hakuwahi kumwona, hakuna aliyemwambia anafanana vipi, lakini alimjua, maana ndiye aliyekuwa akimtengeneza kichwani kila alipofumba macho tangu siku ile: macho mekundu, meno ya mbele yaliyoachana, ile pua. Aliokota jiwe la ukingo wa bustani. Angempasua kichwa, na angefanya hivyo kwa furaha.

"Mama Daphrose," yule mtu akasema, akilia. "Ni miye. Ni Rachidi. Kwa jina la Allah, usinitazame, sikiliza sauti tu."

Alifumba macho. Sauti ilikuwa ya Rachidi, ile ya kukwaruza ya mtu aliyekula vumbi la kuta maisha yake yote. Alisimama hivyo, jiwe mkononi, kisha akaliacha lianguke.

"Gélase, shusha rungu! Fumba macho, we mujinga!"

Rachidi alisimulia akiwa amegeukia ukuta wa lango. Tangu asubuhi, mkewe Sikuzani alikuwa amemfungia mlango akipiga yowe la mwizi. Watoto wake walikimbia. Pale mtaani Jabe, vijana waliokunywa naye chai jana walimrushia mawe, na kila mmoja alimwita jina tofauti, kila jina la mtu aliyekufa au aliyeua. "Kila anayenitazama anamuona adui yake, Mama. Miye sina sura tena. Nitafika jioni kweli?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Katika mji uliojaa vizuizi vya wenye bunduki njiani, ambako watu walitazamwa usoni kabla ya kuulizwa jina, mtu kama huyo asingefika jioni. Daphrose alivua leso yake ya msiba, akamfunika kichwa chote kama mgonjwa, akamshika mkono na kumpitisha vichochoroni hadi nyuma ya soko la Jabe, kwa Bi Raihana.

Bi Raihana alikuwa mganga mwenye ulimi mkali. Aliposikia habari, kitu cha kwanza alichofanya ni kuwapa mgongo.

"Usimufunue hapa," alisema. "Na miye niko na watu wangu ninaowaogopa, sitaki kuwaona leo." Aliweka ubani kwenye chetezo, akasikiliza. "Nyumba ile iko na mwenyewe. Ni jini wa zamani. Hakusumbua watu kwa sababu alipewa sura za kuvaa. Saa ya watu kulala anavaa huyu, anavaa yule, anatembea kidogo, anarudisha. Sasa nyinyi munakuja, bila hodi, munamufunikia nguo zake zote. Mulitaka atembee uchi? Alingoja, na leo amechukua ya huyu aliyezifunika."

"Na huyu amebaki na nini?" Daphrose aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hana kitu. Na mutu akikosa sura, kila mutu anamuwekea ile anaogopa. Mji wenyewe huu unauona." Aligeuza kichwa kidogo. "Ukuta ungali na maji?"

"Ndiyo."

"Basi mulango ungali wazi. Ukikauka, umejifunga, na sura ya huyu itabaki mule. Muoshe sura zote, hata moja isibaki. Twende."

Waliporudi, Daphrose alisikia joto kabla hajaingia. Mkurugenzi Darius alikuwa amewahi. Alikuwa amepanga majiko ya makaa chini ya ukuta mzima, yanawaka mekundu, ili chokaa ikauke kabla ya wageni. Mabaka yalikuwa yamebaki madogo kama viganja. Pumzi zilisikika hata kwa Darius, maana alikuwa akijifuta jasho na kutazama nyuma, lakini kiburi hakikumruhusu kukiri.

"Madame Daphrose, wewe uko na matanga. Rudi nyumbani."

"Ondoa moto huu."

"Wageni wanafika kesho. Sitaki tena ugomvi wa pua kwa ofisi yangu."

"Ugomvi huu uliletwa na picha?" Daphrose alipaza sauti mpaka ikagonga dari. "Hawa walimupiga nani? Walimuchoma nani nyumba? Wamekaa hapa wote pamoja, mwaka kwa mwaka, hawakuuana! Ni nyinyi munauana, na mukichoka munakuja kuwafunika wao!"

Alichukua ndoo ya kumwagilia bustani akaimwaga juu ya majiko. Mvuke ulipanda ukajaza ukumbi. Darius alimrukia, akamkosa, akamshika yule aliyefunikwa leso, akaivuta.

Alimwona nani, hakuna anayejua. Rangi ilimtoka. "Waliniambia umekufa," alisema polepole. "Mimi mwenyewe niliuliza, wakaniambia umekufa." Akarudi kinyumenyume mpaka dirishani, akabaki hapo, mdomo wazi.

"Osha!" Bi Raihana alifoka.

Rachidi aliosha. Bi Raihana alisoma dua, chetezo mkononi, na Daphrose akapeleka sifongo pale alipojua kila uso ulipo, akibembeleza chokaa itoke bila rangi, na nyuma yao kitu kilitembea ukumbini, hatua za mtu asiye na viatu, zikisimama karibu na shingo ya huyu, karibu na shingo ya yule, na harufu ya jasho ikawa nzito hata macho yakawatoka machozi, na kila uso uliofunguka, mvuvi, mwanamke wa mtama, mpiga ngoma, ulitoa pumzi ndefu kama mtu aliyetolewa majini, na hakuna aliyethubutu kugeuka, hata pale hatua zilipoanza kukimbia. Kisha zikakoma.

"Nitazame," Bi Raihana alimwambia Rachidi. Alimkagua, akacheka kwa mara ya kwanza. "Sura mbaya hii, lakini ni ya kwako."

Rachidi alikaa chini akalia kama mtoto, akijishika pua, midomo, lile kovu la nyusi. Daphrose alimtazama bila kufumba macho. Ndipo alipoona ukingo wa ukuta. Mchungaji alikuwa na fimbo, mwili na ng'ombe wake, lakini mahali pa uso palikuwa na shimo lililofika kwenye tofali.

"Na huyu?" Bi Raihana aliuliza.

"Huyu si miye," Rachidi akasema. "Nilimukuta hivi. Direkteri alimutoboa yeye mwenyewe na patasi kabla nianze. Alisema pua yake inamukera."

Bi Raihana alishusha chetezo. "Basi jini bado anakosa sura moja," alisema. Kisha, bila kumtazama Darius: "Direkteri, kaa hapa hapa. Usitoke."

Darius alikuwa amezinduka. Alikaza tai, akasema atawaleta watu wa kizuizi cha chini wawatupe nje wote watatu, pamoja na moshi wao. Alipopita, Daphrose alisikia ile harufu ya jasho ikimfuata begani kwake. Angeweza kumshika mkono. Hakumshika. Alimwangalia akitoka nje juani, akaona Gélase, aliyemfungulia lango na kumpigia saluti kila siku, akimtazama mara moja tu na kukimbilia nyuma ya ua wa maua.

Darius alifungua lango mwenyewe, akaendesha gari kwenda chini. Haukupita muda, risasi zikalia.

Gélase alikwenda kuangalia, akarudi. "Wanasema hawakumujua, Mama. Gari walilijua, mutu hawakumujua. Mmoja anasema aliona mwasi aliyeua baba yake. Mwingine anasema aliona mutu mwingine kabisa. Wanabishana mpaka sasa. Ile jini ilimuvua sura, si ndiyo?"

Daphrose alingoja furaha ije, au hata huruma. Hakuna iliyokuja. Kilichokuja ni hasira ile ile, kubwa kuliko ukumbi, na sasa ilikuwa haina mkurugenzi wa kumwangukia.

"Na wale wengine wote waliouawa pale?" aliuliza. "Wale wa juzi. Wale wa mwaka jana. Na wao jini aliwavua sura?"

Gélase alitikisa kichwa.

"Apana, Mama," alisema. "Wale walikuwa na sura zabo."