Noti Alizofagia Fundi

Mwizi alikuwa ameacha kila kitu cha maana. Vinasa sauti vilikuwepo, vinanda viwili vya umeme vilikuwepo, na spika ambazo mtu yeyote mwenye tamaa angezibeba kwanza zilikuwa zimetulia mahali pake. Kilichokosekana studio ni diski moja ndogo. Mlango haukuvunjwa na nondo za dirisha zilikuwa nzima.

"Mwizi gani huyu anaacha ng'ombe anaiba kamba?" aliuliza Inspekta.

Vijana wa kituoni walimwita Mama Taratibu, maana hakuwahi kumfokea mtuhumiwa. Alimtazama fundi mitambo, mwenye studio, mwanamume wa makamo aliyepiga shati lake pasi mpaka kwenye kola.

"Labda alijua anachokitafuta, afande. Ndani ya diski hiyo mlikuwa na kazi ya Mwalimu."

Mwalimu alikuwa mpiga kinanda mzee, na nusu ya wapiga vinanda wa mji ule walipita mikononi mwake, fundi akiwa wa kwanza. Kabla kiharusi hakijamlemaza mkono wa kulia, alikaa kwenye kinanda cha studio akapiga nyimbo zake zote. Zilirekodiwa kwa midi, na fundi alimweleza Inspekta kwamba midi haihifadhi sauti, ila maagizo tu: kibonye gani kimebonyezwa, wakati gani, kwa nguvu kiasi gani. Ndiyo maana noti ikichelewa unaweza kuisogeza, na ikizidi nguvu unaipunguza. Kisha, kwa sauti ya chini, akadokeza kwamba binti wa Mwalimu alikuwa na ufunguo wa akiba, na kwamba siku hizi alikuwa mkali.

Inspekta akaenda kwa binti. Mzee alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto.

Binti hakukataa kwamba alikasirika. Fundi alimtumia wimbo mmoja uliokwisha kusafishwa, akamchezea baba yake, baba akatikisa kichwa. Akamchezea tena, akakataa tena. Jumamosi asubuhi akaenda studio kuomba rekodi ya mwanzo, vile vile alivyopiga baba. Akaambiwa diski imeibiwa usiku. Kutoka pale alikwenda kituoni moja kwa moja.

"Hatapiga tena, afande," alisema. "Nataka ajisikie mwenyewe hata mara moja."

Aliucheza ule wimbo kwenye simu. Ulikuwa umenyooka, kila noti mahali pake, na Inspekta akajikuta anapiga mguu sakafuni kuufuata.

"Mbona ni mzuri?" alisema.

Mzee aligeuza uso ukutani. Binti akaeleza, huku ameinama, kwamba baba husema huyo anayepiga si yeye, na kwamba yeye binti alidhani ugonjwa umemvuruga mzee akili. Inspekta alirudisha mguu chini ya kiti. Hakujua amekosa nini, lakini aibu ilimshika.

Kompyuta ya studio ilipelekwa kwa mtaalamu wa uchunguzi wa kidijitali. Majibu yalipotoka, Inspekta alimwita fundi kituoni, akamvutia kiti.

"Diski uliiona mara ya mwisho lini?"

"Ijumaa jioni, afande."

"Baada ya hapo?"

"Sikuiona tena."

"Kompyuta yako inasema uliichomeka Jumamosi asubuhi. Wakati huo binti wa Mwalimu alikuwa mezani kwangu anaandikisha maelezo ya wizi."

Fundi alitazama mikono yake.

"Iko wapi?"

"Nyumbani. Ndani ya kiatu."

Alikiri bila kusukumwa. Alikuwa amezisogeza noti zilizochelewa na kusawazisha nguvu zake. Kisha akaona mamia ya noti fupi hafifu, zimetapakaa kabla ya noti kubwa mithili ya makombo mezani. Akaiamuru programu izifute zote kwa mpigo, katika kila wimbo. Akapendezwa na usafi wa kioo cha kompyuta. Akahifadhi juu ya rekodi ile ile ya mwanzo bila kuweka nakala, kosa ambalo kila siku huwagombeza wengine kwa ajili yake.

"Binti alipoiomba ya mwanzo, neno la wizi likanitoka mdomoni. Nilidhani atasikitika aende nyumbani. Alipoondoka nikaichomeka diski niitafute rekodi ile. Hakuna kitu."

"Ukanielekeza kwake."

"Ndiyo, afande."

"Kufuta kwa bahati mbaya si jinai. Kwa nini hukusema tu?"

Diski ilipochukuliwa nyumbani kwa fundi, mtaalamu alithibitisha kwamba hakuna cha kuokoa. Inspekta alimwambia atashtakiwa kwa kutoa taarifa za uongo kwa polisi, lakini kwanza watapita mahali.

Nyumbani kwa Mwalimu, fundi alikataa kiti, akapiga magoti mbele ya mzee na kusema yote, noti fupi, kufuta, na uongo wake. Binti aliziba mdomo kwa kiganja. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Maneno yalimtoka kwa shida, moja moja.

"Zile ndogo. Ulidhani nimekosea?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nilidhani vidole vinagusa pembeni."

"Siku hiyo tu?"

Inspekta, aliyewahoji wauaji, alitamani kutoka nje.

"Siku zote," alisema fundi. "Tangu nikiwa mwanafunzi wako. Nilizisikia nikafikiri ni makosa. Nilinyamaza ili nikusitiri. Watu walipokusifu, mimi nilikuwa nakuonea huruma. Ulipokataa wimbo ndipo nilipoelewa kwamba ulizikusudia. Ningesema nimezifuta, ungeniuliza kwa nini."

Mkono wa kushoto wa mzee, ule mzima, ulitembea juu ya paja, vidole vikigusa kitambaa kwa wepesi kisha kwa nguvu, kwa wepesi kisha kwa nguvu. Hakuna sauti iliyotoka. Fundi alivitazama vidole vile, na safari hii ilionekana wazi kwamba anazifuata noti zote, hata zile ndogo.

"Ungeniuliza," alisema mzee.

Akasimamisha mkono. Binti alimfunika magoti na hakumtazama fundi tena.

Fundi aliinuka, akamgeukia Inspekta na kunyoosha mikono yote miwili afungwe pingu. Inspekta hakuja na pingu. Alimwambia hivyo kwa sauti ya chini, lakini fundi hakuishusha mikono, akabaki ameinyoosha vile vile mbele ya mwalimu wake, akisubiri aondolewe pale.