Supu ya Mzizi Mwekundu

Damu ya Poon Wai-lok ilikuwa haitulii, na nyumbani kwao hakuna aliyejua kwa nini.

Lok alikuwa mkata nyama katika mgahawa wa bata wa kuchoma, mtaa wa Sham Shui Po. Miaka miwili nyuma, madaktari walimpasua kifua wakamwekea vali ya chuma kwenye moyo. Vali ya chuma ina ubaya mmoja: damu hupenda kugandia juu yake. Kwa hiyo kila jioni Lok alimeza kidonge cha warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Kliniki walimpima mara kwa mara. Damu ikiwa nzito mno, itaganda kwenye vali. Ikiwa nyepesi mno, itavuja ovyo. Ilitakiwa ikae katikati.

Haikukaa. Baridi ilipoanza ikawa nyepesi, wakampunguzia dawa. Mara ikawa nzito, wakamwongezea. Kila alipokwenda, Nesi Fung alimuuliza swali lile lile.

"Unatumia dawa nyingine yoyote?"

"Hapana," Lok alijibu.

Wala hakuwa akidanganya.

Mama yake, Bi Tsui Mei-kuen, alikuwa mjane, na Lok ndiye mtoto wake pekee. Wakati wa baridi alimletea supu kwenye chupa ya kutunza joto. Alichemsha kuku mweusi, tende nyekundu, mzizi wa dong-gwai, na vipande vya daan-sam, ule mzizi mwekundu ambao watu wa kwao huuamini kwa kusukuma damu na kutuliza moyo. Alikaa kitini na kumwangalia mwanawe mpaka bakuli likauke.

"Mama, utamnenepesha huyu kama bata wake," alisema Sin-yee, mke wa Lok.

"Bata wake angalau wana rangi. Huyu mtazame, mweupe kama karatasi."

"Nimeshiba, mama," Lok alisema.

"Umeshiba nini? Maneno ya mkeo? Kunywa kabla haijapoa."

Lok akanywa. Kwa Bi Mei-kuen, kukataa supu yake ilikuwa sawa na kumfungia mlango.

Siku zilivyozidi kuwa za baridi, Lok alianza kutema damu akipiga mswaki. Mabaka ya bluu yakamtokea mikononi, na hakukumbuka kujigonga popote. Kisha nyonga ya kulia ikaanza kuuma.

"Unasimama mno kazini," mama yake alisema. "Vua suruali nikusugue."

"Mama, nina miaka arobaini na moja."

"Na mimi nilikuogesha. Vua."

Akamsugua kwa mafuta ya dawa, yale ya kijani yenye harufu inayofika mpaka kwa jirani. Alimsugua asubuhi na jioni. Kwenye chungu akaongeza mzizi mwekundu, maana mwanawe alikuwa mgonjwa.

Baada ya siku chache Lok aliinuka kitandani, goti likakunjika, akaanguka chini kama gunia. Sin-yee akaita gari la wagonjwa. Hospitali walimpiga picha, wakakuta damu imevuja ndani ya msuli wa nyonga, ikafanya uvimbe, na uvimbe unabana mshipa wa fahamu wa mguu. Damu yake ilikuwa nyepesi zaidi ya mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa. Wakasimamisha kidonge, wakampa dawa ya kurudisha mgando, wakamtundikia damu ya watu wengine. Daktari alimwambia Sin-yee bila kuzunguka: damu hiyohiyo ingevujia kichwani, asingekuwa na mume.

Siku ya pili Bi Mei-kuen alifika wodini na chupa yake. Nesi Fung alikuwa pale, ameitwa kutoka kliniki. Mama alipofungua kifuniko, nesi akasikia harufu, akamgeukia.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Supu."

"Ndani kuna nini?"

Bi Mei-kuen akavitaja vyote kwa fahari, kama mtu anayetaja wageni wa harusi. Nesi Fung akaweka kalamu yake chini.

"Huo mzizi mwekundu unaununua wapi?"

"Kwa Bwana Sek, duka la dawa za miti."

"Duka la dawa."

"Ndiyo, lakini mimi napika supu," mama alisema. "Kikishaingia chunguni ni chakula."

"Tumbo halijui chungu, mama. Mzizi mwekundu hufanya damu isigande upesi. Dong-gwai vilevile. Na huongeza nguvu ya warfarini. Mwanao alikuwa anapewa kipimo na sisi, na kipimo kingine na wewe, na hakuna aliyemjua mwenzake." Akamgeukia Lok. "Ile damu ilipokuwa nzito, mwezi wa kumi na moja, mama yako alikuwa wapi?"

Lok akafikiri. "Foshan. Kwa dada yake."

"Basi supu ilikuwa Foshan. Ilipoondoka sisi tukaongeza kidonge. Iliporudi, ikakikuta kidonge kikubwa."

Bi Mei-kuen hakuketi. "Baba yangu alikunywa supu hii kwa ajili ya moyo. Alizika madaktari wawili."

"Baba yako alikuwa na chuma moyoni? Alikuwa anameza kidonge hiki?"

"Hapana."

"Basi si mgonjwa mmoja. Mimi sisemi mzizi wako ni takataka. Ungekuwa takataka, mwanao asingelala hapa."

Mama akafunga kifuniko cha chupa. Kisha akasema, "Kama ni hivyo, aache kidonge. Mzizi utafanya kazi hiyo."

"Huko ndiko kumuua," nesi alisema. "Kidonge kimoja nakijua nguvu yake. Mzizi mmoja una nguvu, mwingine hauna. Leo umechemsha saa moja, kesho saa tatu. Nitampimaje? Damu ikiganda kwenye vali, donge likapanda kichwani, ni kiharusi. Asiache dawa wala asiibadilishe bila kutuuliza. Hapa tumeisimamisha sisi, na tutairudisha sisi, tukipima kila siku."

Sin-yee, aliyesimama kando ya kitanda, akauliza, "Na yale mafuta ya kijani?"

"Mafuta gani?"

Wakamweleza. Nesi Fung akafumba macho kidogo. Mafuta yale hupenya ngozi yakaingia kwenye damu, akasema, na mengi ya aina hiyo huongeza nguvu ya kidonge pia.

"Kosa si lenu peke yenu," aliongeza. "Mimi nimekuwa nikiuliza dawa tu. Nilipaswa kuuliza unakunywa nini, unakula nini, unajipaka nini. Tangu leo nitauliza hivyo. Na ninyi msingoje kuulizwa. Ufizi ukitoa damu, mkojo ukiwa mwekundu, choo kikiwa cheusi, baka likitokea bila sababu, njooni siku hiyohiyo."

Kutoka hospitali Bi Mei-kuen alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Sek, amekunja uso.

"Umeniuzia kitu cha kumuua mwanangu."

Bwana Sek alimsikiliza mpaka mwisho. "Dada Mei-kuen, uliniambia kwamba anameza warfarini?"

"Hukuniuliza."

"Ulisema 'vitu vya supu', kama mtu anayenunua karoti. Ningejua, nisingekupimia hata kipande." Akakuna shingo. "Lakini ni kweli, sikuuliza."

Sasa anauliza. Mteja akitaka mzizi mwekundu, humwambia kwanza ataje vidonge anavyomeza, na wapo wanaomtukana.

Bi Mei-kuen hakuacha kupika. Sasa hupika mifupa ya nguruwe, karoti na mahindi, na mboga za majani kwa kiasi kilekile kila wiki, maana majani mengi ya ghafla nayo huvuruga kipimo. Kabla hajaongeza kitu kipya, Sin-yee humpigia simu Nesi Fung. Damu ya Lok imekaa katikati majira yote ya baridi yaliyofuata, na kidonge hakijabadilishwa.

Gharama ni hii. Lok alilala hospitali wiki tatu. Damu ya watu wanne asiowajua iliingia mwilini mwake. Kazi ya kukata bata alipewa mtu mwingine, kwa kuwa hawezi kusimama kutwa. Paja la kulia lina ganzi, na goti hukunjika anapopanda ngazi. Mama yake anaishi ghorofa ya sita, jengo la zamani, halina lifti. Tangu hapo Lok hajala mezani kwake.