Kitufe cha Baadaye

Ukitaka kuijua tabia ya mtu, kutana naye kwenye ngazi nyembamba, saa ya watu kupanda na kushuka.

Binti alikuwa anashuka na gauni la bibi harusi begani, shela imemfunika mpaka nyusi. Kijana alikuwa anapanda na furushi la waya kwapani. Lifti ya jengo lile la maduka ilikuwa mbovu, kama kawaida yake, na watu walisukumana kila mmoja akidai njia ni yake. Katikati ya vurugu ncha ya waya ikaingia kwenye shela, ikanasa.

"Wewe! Simama hapo hapo! Ukivuta, umenunua!"

"Nimesimama, dada. Hata pumzi nimesimamisha."

"Pumzi vuta. Waya usivute."

Binti akainama kuinasua, pini amezibana midomoni, futi ya kupimia inamning'inia shingoni juu ya blauzi ya samawati. Kijana akamtazama, akasahau alikuwa anakwenda ghorofa ya ngapi. Na yeye binti, macho yalipotua chini, akaona kiatu kimoja cha kijana kimefungwa kwa kipande cha waya.

"Fundi gani wewe unafunga kiatu kwa waya?"

"Fundi kompyuta. Na wewe?"

"Fundi nguo."

"Basi mafundi tumekutana."

"Mafundi wakikutana kazi haiishi. Nipishe."

"Kama ni mapenzi, kayafanyieni chini!" akapaza sauti mama mmoja aliyebeba ndoo nyuma yao, na ngazi nzima ikaangua kicheko.

Wakayafanyia chini kweli, maana kijana aligeuza njia akamshikia gauni mpaka kwenye chumba chake cha kushonea. Tangu siku ile binti akamwita Waya, na jina likakaa.

Chumba kilikuwa na cherehani dirishani, meza ya pasi ambako shangazi yake binti alinyoosha nguo za wateja, na kwenye kona kompyuta ya zamani yenye kelele kama mgonjwa wa pumu. Kompyuta ile ndiyo ilikuwa hazina yake. Humo alichorea nakshi za kutarizi magauni: maua, majani, mizabibu inayopanda mpaka kifuani. Alizichora kwenye ukurasa uliohifadhiwa humo humo, ambao waliouunda walikwisha kufunga shughuli zao zamani, na ukurasa huo ulielewana na kivinjari kimoja tu cha kufungulia mtandao, kile kikuukuu alichokuwa nacho. Akiweka kipya, nakshi zote hazifunguki tena.

Ndiyo maana kila asubuhi ujumbe ulipotokea, *Toleo jipya la kivinjari lipo tayari*, na vitufe viwili chini yake, *Sasisha* na *Baadaye*, kidole chake kilikwenda penye *Baadaye* bila kuuliza njia.

Waya naye akampa binti jina.

"Bibi Baadaye, umeamkaje?" alimpigia simu kila siku kabla ya kazi.

"Nimeamka na ujeuri wangu. Na wewe, roho yangu?"

"Mimi nimeamka na wewe kichwani. Umesasisha?"

"Baadaye."

"Na lini utaniambia unanipenda?"

"Hilo nalo baadaye. Kata simu, nina mteja."

Lakini alicheka peke yake mpaka uzi ukamtoka kwenye sindano.

Kisha duka kubwa la magauni ya harusi likatangaza kwamba linatafuta fundi wa kutarizi, na michoro itapokelewa kwenye ukurasa wake wa mtandao tu. Binti akaufungua. Ukaja mweupe pe, kama sanda. Kivinjari chake hakikuuweza.

Waya akaitwa. Akavuta kiti, na ujumbe ukatokea palepale, ila safari hii chini yake palikuwa na kitufe kimoja tu: *Sasisha sasa*.

"*Baadaye* iko wapi?" binti akauliza.

"Wameiondoa. Toleo lako limezeeka mno, mpenzi. Wezi wanaingilia humo kama mlango usio na komeo. Bonyeza tu, yaishe."

"Wameiondoa kwa ruhusa ya nani?"

"Ruhusa tena? Hivi ndivyo inavyokwenda. Lete, nikusaidie."

Akapeleka mkono kwenye kipanya. Futi ikamtandika vidole, pa!

"Aa! Unanipiga?"

"Nimekupima urefu wa mkono. Umezidi. Mwenye kunipa kitufe kimoja haniulizi, ananiamuru. Na mimi siamriwi kwenye chumba ninacholipia mwenyewe."

"Utakosa kazi kwa ubishi!"

"Nitaikosa nikiwa mimi."

Binti akachomoa waya wa mtandao ukutani, akaukunja, akaufungia ndani ya mkebe wa vifungo. Ujumbe ukapotea. Waya akaondoka akipuliza vidole, nusu amenuna, nusu anacheka.

Kesho yake binti akampigia mdogo wake simu, sauti juu, kwa kuwa hasira ilikuwa haijapoa. "Hiki kipya kila mtu anakisifia, wanataka kunilazimisha. Mimi sikitaki! Kivinjari changu cha zamani nimekizoea, kinaujua mkono wangu. Siwezi kukiacha hivi hivi."

Shangazi, aliyekuwa anapiga pasi, akaduwaa. Hakuwahi kusikia kitu cha kompyuta kikiitwa kivinjari. Kwa Kiswahili alichokulia, kuvinjari ni kuzungukazunguka mahali ukichungulia, na mwanamume anayevinjari kwa binti wa watu kila siku anajulikana anatafuta nini. Binti akatoka kwenda kumpima mteja, simu kaiacha mezani. Ikalia. Shangazi akapokea.

"Mwanangu Waya, nakuonea huruma, ndiyo maana nasema. Usijisumbue. Nimemsikia kwa masikio yangu: mvinjari huyu mpya hamtaki. Wa zamani ndiye aliyemzoea, ndiye anayeujua mkono wake. Tena anavyokudharau, hata 'huyu' hasemi, anasema 'hiki'!"

Upande wa pili Waya akajibu, "Asante, shangazi." Simu ikakatwa.

Asubuhi zikaja bila simu. Binti akangoja, akajifanya hangoji. Moyoni alijua sababu, au alidhani anajua: Waya kamuona mshamba anayekumbatia makopo mabovu. Basi aende! Akawasha kompyuta yake isiyo na mtandao, akatandika kitambaa kirefu cheupe, akaanza kushona nakshi moja baada ya nyingine, kila ua na kila jani, sindano ikipita ilimopita kalamu. Vidole vilimuuma. Shangazi akamuuliza anafanya nini.

"Nahamisha vyombo vyangu, shangazi. Mtu hahami nyumba akaacha vyombo ndani."

Nakshi ya mwisho ilipokaa juu ya kitambaa, akakata uzi kwa meno, akachukua simu.

"Sikupigii kukubembeleza," binti alisema, mara Waya alipopokea. "Nakupigia nigombe. Mtu akichoka na mshamba, anaaga!"

"Mshamba nani? Mimi ndiye kitu kipya usichokitaka. Kaa na huyo wa zamani wako."

"Wa zamani gani?"

"Anayeujua mkono wako! Shangazi amekusikia."

Binti akageuka. Shangazi alikuwa anapiga pasi leso iliyokwisha kunyooka.

"Shangazi! Umemwambia nini huyu?"

"Si ulisema mwenyewe? Kivinjari..."

Binti akakaa chini kwa kicheko, machozi yakimtoka. "Waya. Waya, laazizi wangu. Kivinjari! Cha kompyuta! Shangazi amekipa miguu na suruali."

Kicheko kikavuma kwenye simu mpaka shangazi mwenyewe akakisikia.

"Njoo," binti akasema. "Njoo na mikono yako ikae magotini."

Alifika anahema, shati limepigwa pasi upande mmoja. Akakuta kitambaa kimening'inizwa kutoka dirishani hadi mlangoni, bustani nzima ukutani. Akavuta kiti, akaketi. Binti akatoa waya kwenye mkebe wa vifungo, akauchomeka. Ujumbe ukaja na kitufe chake kimoja.

"Sasa unabonyeza?" Waya akauliza, mikono magotini.

"Nabonyeza. Si kwa sababu wamenibana. Ni kwa sababu nimemaliza."

Akabonyeza. Kompyuta ikakohoa, ikazima, ikaamka. Ukurasa wa lile duka ukafunguka, rangi zote. Akapiga picha kitambaa chake, akaituma, akaegemea kiti.

"Basi na mimi," Waya akasema, "nioe... yaani nikuoe. Na *Baadaye* nimeshaiondoa. Sema ndiyo."

Tabasamu la binti likatoweka. Akaivua futi shingoni.

"Irudishe."

"Nini?"

"*Baadaye* yangu, na *hapana* yangu. Zirudishe zote hapa mezani, ndipo uniulize upya."

Shangazi akaacha pasi hewani.

"Unaweza kukataa," Waya akasema taratibu. "Unaweza kusema baadaye, nami nitapiga simu kila asubuhi vilevile. Je, utaolewa na mimi?"

Binti alimwacha aungue kidogo, kwa makusudi. Kisha akamzungushia futi kiunoni, akamvuta.

"Sasa umeuliza," akasema. "Ndiyo."