Mizani ya Felista

Enzi zile, mwaka elfu mbili na tatu, hukupanda ndege ndogo pale Mtwara bila kwanza kupanda mizani. Wewe na kikapu chako cha korosho, mbele za watu! Kina mama walinung'unika, wanene wakatazama darini, na mpimaji wa uwanja, Felista, binti wa karani wa bandari, akaandika kilo zote kwenye karatasi. Rubani hakuruka bila karatasi ile.

Asubuhi moja, watu wamejaa, mwanaume mrefu, mgeni machoni pake, mwenye shati jeupe, akapanda mizani.

"Sabini na mbili," Felista akasema bila kuinua macho. "Na maneno kilo tatu, maana tangu umeingia unaongea tu. Tiketi?"

"Mimi ndiye rubani, dada."

Watu wakaangua kicheko. Felista alitamani ardhi ipasuke. Jioni simu ya ofisini ikaita: "Mimi Erasto, rubani wako. Zile kilo tatu uliziandika?"

Wakapendana. Jamani, walipendana! Kila Jumanne na Ijumaa alipotua, walikula chapati za moto mtaa wa Chuno, wakicheka mpaka chai inapoa. Mwaka mzima. Hadi siku Felista alipomkuta nyuma ya ghala la mizigo, ameshika kiuno, jasho linamtiririka.

"Vijiwe kwenye figo," Erasto akanong'ona. "Vidogo tu, mpenzi. Wakijua, sirushi tena. Usimwambie mtu."

"Maumivu yakikushika angani je? Uko peke yako, na abiria kumi na wawili nyuma yako!"

"Nipe karatasi, Feli."

Hakumpa. Alirudi kwenye mizani, akaikunja mbele ya abiria wote, akaitia mfukoni mwa sketi yake ya buluu, akawapigia simu wakubwa wa kampuni ya ndege Dar es Salaam.

Kesho yake akaja rubani mwingine. Erasto akapanda mizani kama abiria.

"Sabini na mbili," Felista akasema, akangoja. Erasto akashuka, akaelekea kwenye ndege.

Miezi mitatu simu haikuita. Felista akakonda. Mdomo umeniponza, alijiambia, kisha akawakumbuka wale abiria, akalia upya.

Ijumaa moja shati jeupe likaingia. Erasto akaweka kichupa juu ya mizani. Ndani, punje tatu za kahawia.

"Pima."

Mshale haukusogea.

"Hospitali walipitisha mrija mwembamba wenye kamera kwenye njia ya mkojo, wakavitoa vijiwe hivi. Sikuchanwa popote. Daktari akasema kimoja kilishaanza kushuka; kingenikamata wiki ileile. Jana niliruhusiwa kurusha ndege tena." Akainamisha kichwa. "Nilikununia, Feli. Halafu nikaona aibu kukupigia."

"Miezi mitatu, Erasto! Unajua nilivyolia?"

"Nisamehe. Njoo upande hapa na mimi."

"Hii hupandwa na mtu mmojammoja."

"Mimi nataka tupimwe pamoja, mpaka uzeeni."

Felista akapanda, machozi yanamtoka.

"Mia moja ishirini na tisa!" bibi mmoja abiria akasoma, akapiga vigelegele.

Karatasi ya siku ile wanayo hadi leo, imefifia wino. Mstari wa kwanza, kwa mwandiko wa Felista unaotetemeka: abiria mmoja, kilo mia moja ishirini na tisa.