Mume Wangu Alinichagulia Baiskeli Ndefu

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na sita, na sina mtoto. Wengi huniuliza sababu. Leo nitawaambia, ingawa moyo bado unauma...

Ilikuwa miaka ya sabini. Mimi na mume wangu Kasongo tulikuwa tumevuka ziwa Mweru kutoka Kilwa, upande wa Zaire, tukajenga Nchelenge, upande wa Zambia. Mimi nilikausha samaki, yeye aliwapeleka vijijini kwenye njia ya Mwansabombwe. Kwa miguu! Akirudi, nyayo zimepasuka. Nilimhurumia, tukaweka akiba tununue kinga, kama sisi tunavyoita baiskeli.

Dukani zilibaki mbili: moja ya magurudumu ya inchi ishirini na nane, nyingine ya ishirini na sita. Mimi ni mfupi. Nilipanda ile ndogo, nyayo zote mbili zikakanyaga sakafu. Nilicheka kwa furaha! Kwenye ile kubwa nilining'inia tu, hata ncha ya kidole haikugusa chini. Kasongo zote zilimfaa.

"Tukamate hii ndogo," nilimwambia. "Tutapanda bote wawili."

Alikunja uso. "Kinga ndogo ni ya batoto ba masomo. Bantu batanicheka. Na weye utaenda wapi na kinga? Samaki nitapeleka miye."

Tukachukua kubwa. Mke abishane na mumewe mbele ya watu? Niliona haya, nikatoa akiba yetu...

Tangu hapo Kasongo akaanza kulala huko huko. Mara samaki hawauziki, mara mvua. Niliposhika mimba nikaomba siku moja niende mimi na kinga kuuza, yeye abaki kukausha samaki. Akasema kinga ni ndefu mno kwangu, nitaumia. Nikaona jinsi anavyonipenda! Masikini mimi.

Kisha akaacha kinga nyumbani, akavuka kwenda kisiwa cha Chisenga kununua samaki zaidi. Upepo ukachafuka, mitumbwi ikashindwa kurudi. Nyumbani samaki wangu walianza kuingia wadudu. Ningefanya nini? Asubuhi nilifunga kapu nyuma ya kinga, nikaisukuma mwendo mrefu hadi mgongo ukakataa. Nikaona kichuguu kando ya barabara. Nikapanda juu yake, nikajitupa kwenye kiti.

Kutembea ilitembea. Kusimama ndiko kulikonishinda! Kwenye kijiji kimoja mbuzi walikatiza mbele yangu. Nikafunga breki, kinga ikalala upande, nikatafuta ardhi kwa mguu... hakuna ardhi! Nilianguka, chuma cha kinga kikanipiga tumboni, na kapu likaja juu yangu.

Mwanamke aliyekuwa akitwanga mihogo alikimbia kuniinua. Ghafla akaitazama ile kinga, akaacha kuniinua.

"Kinga hii ni ya bwana yangu, Kasongo! Eko wapi? Amekufa?"

"Bwana yako?" nikasema. "Miye njo bibi yake."

Akaketi mavumbini. Kasongo alikuwa amemwambia kwamba mkewe alifia Kilwa!

Jioni ile, ndani ya nyumba ya yule mwanamke, mimba yangu ilitoka... Yeye ndiye aliyenishika mkono. Yeye ndiye aliyemzika mtoto wangu. Ningepata wapi nguvu ya kumchukia?

Upepo ulipotulia, Kasongo alikuja kunitafuta, akatukuta tumekaa mkeka mmoja. Nilitamani kumrarua! Lakini kilichonitoka kinywani ni swali moja.

"Ile siku, kwa duka... ulikuwa na huyu tayari?"

Aliitazama kinga, si mimi. "Ningekamata ile ndogo, ungefika huku zamani."

Pole hakusema. Chozi halikumtoka. Mwenzangu alisimama, akamtupia nguo zake nje. Mimi nilivuka ziwa nikarudi kwa mama yangu, na tangu siku ile sikushika mimba tena.

Dada zangu, wadogo zangu, msipite nilipopita mimi! Ukienda kununua baiskeli, ipande kwanza. Isimamishe. Miguu isipofika chini, iache, hata kama anayekuchagulia anakuita mpenzi. Na akikataa ile inayokutosha, usinyamaze kwa kuona haya. Muulize palepale, mbele ya watu wote: hutaki nifike wapi?