Mkwe Mbele ya Lango

“Usinipigie tena, Mikdad! Umenunuliwa wewe!”

“Swaumu, nisikilize kwanza...”

Nikakata simu. Siku ya tatu hiyo, wanawake wa mashamba ya chumvi tumekaa kwenye mikeka mbele ya lango la kampuni, hatuingii kazini. Wamewafutia wazazi wetu kadi za bima. Mama yangu ana kisukari. Bila kadi, sindano hapati. Meneja kasema hazungumzi na mtu ila katibu wa chama cha wafanyakazi. Na katibu ndiye huyo Mikdad, mchumba wangu, hajatia mguu!

Ujumbe ukaingia: “Wallahi sijanunuliwa. Mama yako kakaa mbele kabisa. Nitapitaje?”

Nikampigia mwenyewe.

“Eti nini?”

“Posa mmepokea, ndoa bado. Mjomba wangu kanikataza kuonana na mama mkwe mpaka tuoane. Niko nyuma ya duka la Ishaka tangu juzi.”

“Siku tatu umejificha dukani?”

“Na maji mnayokunywa, unadhani nani anayatuma?”

Jamani! Nikataka kucheka, nikataka kulia. Nampenda mjinga huyu.

“Nani huyo?” mama akauliza.

“Mkweo. Anakuonea haya.”

“Haya? Kwani kisukari changu kinaona haya?”

Akavuta kanga, akajigubika uso mzima.

“Mwambie apite, simuoni!”

Wenzangu wakapiga vigelegele. Mikdad akaja kichwa chini, jasho linamtoka.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nenda kaseme.”

Akaingia ofisini. Saa nzima roho yangu juu. Baadaye alinisimulia: meneja alimpa karatasi asaini kwamba chama kimekubali wazazi waondolewe kwenye bima. Mikdad akaisukuma, akamwambia chumvi itabaki shambani mpaka kadi zirudi, na wanaume nao wanatoka kazini.

Alipotokea langoni alikuwa na karatasi nyingine, ina sahihi ya meneja.

“Kadi zote zinarudi! Za wazazi pia!”

Tukakumbatiana hovyo, chumvi mpaka kwenye nywele. Nikamfuata pembeni.

“Nisamehe. Nilikutukana.”

“Sikusamehe mpaka useme unanipenda.”

“Mbele ya mama?”

“Si kajifunika?”

“Nimefunika uso, si masikio!” mama akadakia. “Na ndoa ni Ijumaa hii. Umemweza meneja, mjomba wako atakushinda?”

“Nakupenda, Mikdad,” nikasema, na lango zima likasikia.