Mkia wa Neno

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Kasuku alimsaidia mama yake, mpishi wa shule. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Siku ile mama alikuwa na masizi hadi viwikoni.

"Mwanangu, chukua chaki. Pipa la kushoto andika maji yaliyochemshwa. La kulia lina maji ya kisimani, andika hayajachemshwa. Usikosee."

"Sawa, mama."

Kengele ikalia. Kwa haraka zake, Kasuku akaandika pipa la kulia tu: MAJI YA KUCHEMSHA. Aliona inatosha. Si ndiyo yanayosubiri kuchemshwa? La kushoto angeliandika baadaye.

Somo la kwanza lilikuwa Kiswahili. Mwalimu, mtu wa utani mwingi, aliandika ubaoni "chemka".

"Maneno yana mikia," alisema. "Waturuki wakibandika mkia wao, -çi, kwenye ekmek, yaani mkate, wanapata ekmekçi, mwoka mikate. Waingereza nao wana mkia wao, -er, na wasomi husema waliuokota kwenye Kilatini. Sisi tuna chemka, chemsha, chemshwa. Haya, mayai ya kuchemsha ni mabichi au yameiva?"

"Yameiva!" darasa zima lilijibu.

Kasuku akashtuka. Je, na maji ya kuchemsha? Alitazama dirishani. Watoto wa chekechea walikuwa wamepanga mstari mbele ya pipa la kulia, na mwalimu wao alikuwa akiwachotea. Mdogo wake alikuwa ameshashika kikombe.

Akisema, kibarua cha mama kitaota nyasi. Akinyamaza... Juzijuzi maji ya kisima kile yalimlaza mtoto wa jirani hospitalini siku nne.

"Mwalimu, wasinywe!" alipayuka akionyesha dirishani. "Nimekosea mimi!"

Mwalimu alitoka mbio, chaki mkononi. Watoto saba walikuwa wamekwisha kunywa, mdogo wake akiwemo.

Mchana watatu, mdogo wake akiwa mmoja wao, walianza kuharisha. Kasuku alikaa zahanatini kando ya kitanda cha mdogo wake, asithubutu hata kwenda kula.

"Atakufa?" alimuuliza muuguzi.

"Hafi. Tumejua mapema alichokunywa, tukawahi kumpa maji ya chumvi na sukari."

Siku ya tatu mdogo wake alikuwa akikimbiza mpira. Kasuku alirudi jikoni akiwa na woga uleule. Mama aliinua mkono. Kasuku akafumba macho. Mkono ukamfikia begani taratibu, kisha mama akampa chaki.

"Andika."

Aliandika polepole kwenye pipa la kushoto, herufi moja moja: YALIYOCHEMSHWA. Alipomaliza, mama alisoma mara mbili.

"Haraka yako ilitutia hofu, mwanangu, lakini huo mdomo wako ndio uliotuokoa. Ukikosea tena, usifiche. Piga kelele vilevile."